Chumvi ya Mjomba Darasani

Tarehe 3 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu nyingi kama cheche za kazi yangu. Mimi mzima. Geti la juzi nimelichomelea kiasi kwamba wezi wakipita wanalisalimia kwanza. Koo lako je? Mama yako anasema siku hizi unafundisha kwa kunong'ona.

Nimepata ujumbe wako: shule imeletewa vishikwambi, lakini sauti ya mashine inayosoma kitabu inawalaza watoto, na unataka mimi niusome ukurasa wa mvua, nirekodi, nikutumie. Hapo umefika kwa mwenyewe! Kompyuta naijua kabla haijavaa kioo. Kuna ofisi kompyuta yao ilizima, wahandisi wakalia. Nikaigonga nyundo moja tu, ikawaka ikaniita mzee. Rekodi hiyo hapo. Kitabu kilikuwa kimepoa, nimekichangamsha kidogo.

Mjomba wako

Tarehe 12 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini mgongo haukusumbui. Koo langu limepona, kilichobaki ni aibu.

Watoto walikusikiliza mpaka chaji ikaisha, hakuna aliyesinzia. Jana nikawapa jaribio: mvua hutokeaje? Nusu ya darasa wamejibu kwamba wingu hutoboka, na lisipozibwa na fundi wa kuchomelea, mji mzima unazama. Mmoja amekuchora juu ya ngazi na miwani yako myeusi.

Mwalimu mkuu kazisoma karatasi zote. "Vyombo hivi vinafundisha uongo," kaniambia. "Mwisho wa mwezi nisipoona faida yake, vinaingia stoo." Mjomba, watoto wangu wanagombania vitabu vichache vilivyochanika. Vishikwambi vikifungiwa, tunarudi kule kule. Ukurasa mmoja tu, ulikushindaje?

Mpwa wako

Tarehe 23 Machi

Shikamoo Mjomba,

Hujambo huko? Hujanijibu. Mama anasema upo, ila unafanya kazi kimya kimya mpaka majirani wameanza kuja kukujulia hali. Kama nilikukwaza, nisamehe.

Rekodi yako sikuifuta. Nimewagawia vishikwambi kwa makundi na kazi moja: mtafuteni Mjomba alipotia chumvi, mlete ushahidi. Mtandao ukakatika, kama kawaida yake. Kundi moja likasimama dirishani kuuvizia, jingine likarudi kwenye kitabu. Lakini ungewasikia!

"Wingu ni mvuke, linachomelewaje?"

"Kwani wewe umewahi kulishika?"

"Basi mjomba wa mwalimu ni mwongo!"

"Mwongo wa nini? Mtamu tu!"

Na hao ndio wale waliokuwa hawafungui mdomo. Ijumaa mwalimu mkuu atakaa nyuma ya darasa atazame, kisha aamue. Naomba rekodi nyingine, kuhusu mito. Tia chumvi upendavyo, ila ukweli nao uwemo.

Mpwa wako

Tarehe 25 Machi

Mpwa wangu,

Mimi sijambo. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa napumzisha ulimi. Fundi mzuri hupumzisha vifaa vyake.

Kwa hiyo nimekuwa wa kupekuliwa na watoto wa darasa la tano! Mimi niliyebishana na kasuku mpaka akaomba maji! Haya, rekodi ya mito hiyo. Wakinikamata, nastaafu kusema. Unataka ukweli? Umo. Tena mkubwa.

Mjomba wako

Tarehe 28 Machi

Shikamoo Mjomba,

Hali yangu njema kuliko nilivyotegemea. Wamekukamata. Samaki aliyekuuliza njia, wamemkataa. Mto uliorudi nyuma kukupisha, wamekuletea ramani. Kisha wakafika pale uliposema kwamba mwalimu wao alifika darasa la nne hajui kusoma, na kila akiitwa mbele alikuwa akijikojolea.

Makundi yote yameandika: chumvi. Mwalimu mkuu kule nyuma akacheka, "Hiyo sasa imezidi!" Wakatafuta kwenye vishikwambi, hakuna kitu. Wote wakanigeukia mimi.

Mjomba, ningeweza kucheka nao. Nikasema, "Hiyo ni kweli." Kisha msichana wa kiti cha mwisho, ambaye tangu mwaka uanze hajasoma mbele ya mtu, akauliza kama anaweza kujirekodi akisoma, ajisikilize peke yake kwanza. Nikampa. Baada yake wakapanga foleni.

Mwalimu mkuu alikaa mpaka kengele. Akitoka akasema, "Viache humu humu. Ila huyo mjomba wako, mwambie vizuri."

Nimekasirika nawe na nimekushukuru. Sijui nianze na lipi.

Mpwa wako

Tarehe 29 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Mimi mzima, ila nimeonewa. Mwaka mzima nimesema kweli moja, tena yenye shahidi, na darasa zima likanikosesha! Nilikwisha vaa viatu nije kumwona huyo mwalimu mkuu, nidai alama yangu.

Njiani nikawaza. Wamekutazama wee, wakapekua mitambo yao, wakaona haiwezekani kabisa kwamba mtu kama wewe aliwahi kushindwa kusoma.

Nikageuza. Hiyo alama nimewaachia.

Mjomba wako