Sifuri ya Getini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia, na unalala bila kukaa kitako kitandani kutafuta pumzi. Mwanangu naye hajambo? Uliniambia kwamba tangu shule zifungwe amehamia juu ya paa la banda la kuku, na ukimwita ashuke anakujibu kwamba huko juu hakuna msongamano. Mwambie mama yake anasema ashuke, na akivunjika mguu asitegemee kuonewa huruma. Mimi huku sijambo kwa sasa. Hilo neno "kwa sasa" utalielewa ukifika mbele, kwa hiyo usiruke kurasa.

Wiki iliyopita ulinipigia simu roho juu. Ulisema redio imetangaza kwamba maambukizi katika mji huu yameruka kwa siku moja kuliko wakati wowote. Ukamshukuru Mungu kwamba mimi si mmoja wao, kwa kuwa nafanya kazi kwenye kiwanda ambacho hakijapata mgonjwa hata mmoja. Ukataka nikuhakikishie kwamba ubao wa getini bado unasoma sifuri na kwamba mwisho wa mwezi nakuja kama nilivyoahidi. Mimi nikasema sikusikii vizuri, mtandao unasumbua. Mtandao haukuwa na tatizo lolote, mama. Nilikuwa nakusikia mpaka unavyokoroga chai. Nimeona nikujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na jambo hili nikilikatia njiani utafunga mzigo na kupanda basi uje huku, na hilo ndilo nisilolitaka kabisa.

Ubao wenyewe unaujua kwa kusimuliwa tu. Ni ubao mweusi wa kawaida, umetundikwa getini karibu na mlinzi anayetupima joto kwa kile kidude cha kuelekeza kwenye paji la uso. Kila asubuhi hufuta sifuri ya jana na kuandika sifuri ya leo, taratibu, mpaka mviringo umridhishe. Ng'ambo ya barabara kuna kiwanda kingine cha nguo kama chetu. Wao muuguzi huja kila wiki kuwapima wote, mmoja baada ya mwingine, na kila wiki hawakosi wagonjwa. Mtaa mzima uliwaogopa. Wenye nyumba waliwanyima vyumba, na mwenye duka la jirani aliwawekea kopo mlangoni watumbukize pesa humo, asije akagusana nao. Sisi tulipita vichwa juu, nami kwa maringo yangu unayoyajua sikuwa wa mwisho.

Kuna jambo sikukueleza wakati ule. Utaratibu wa kiwandani ni kwamba wagonjwa wakifika watatu katika sehemu moja, sehemu hiyo inafungwa wiki mbili, na sisi tunalipwa kwa idadi ya mashati, si kwa mwezi. Kupimwa kulikuwa kwa hiari. Muuguzi wa serikali alikuja mara moja, akaweka meza yake uani, akakaa mpaka chai ikampoa mkononi, na hakuna aliyemsogelea. Vikohozi tulikuwa navyo, tena vya kutosha, lakini kiwandani kwetu kikohozi kina jina lake: vumbi la pamba. Ukikohoa unaambiwa pole, ni vumbi. Ukipata homa, basi ulilala dirisha wazi. Mwenzetu mmoja wa meza ya vifungo alilala nyumbani wiki nzima hana nguvu hata ya kuinua kikombe, na aliporudi tukamwambia apunguze kuchakarika. Sidhani kama kuna aliyedanganya, mama. Tulikuwa tumelivuta lile vumbi miaka na miaka, tulikuwa tunaliamini.

Mabishano yalikuwa saa ya mapumziko, kwenye benchi la nyuma ya chumba cha kukatia. Upande mmoja alikaa mkata vitambaa, tunamwita Mkasi, mtu mwembamba asiyecheka ovyo. Upande wa pili alikaa mpakiaji wetu, ambaye tunamwita Waziri kwa sababu hawezi kuomba chumvi bila kutoa hotuba. Siku moja redio ikasema maambukizi mapya yamepungua nusu ndani ya wiki moja. Waziri akasimama. Akasema ugonjwa umekwisha nguvu, sasa serikali ifungue masoko na shule, iache watu watafute riziki, maana amri za kukaa ndani zimeandikwa na watu wanaolipwa hata wakilala. Mkasi akamuuliza kitu kimoja tu, kwamba wiki hii wamepimwa watu wangapi.

Kumbe wiki iliyotangulia wapimaji walikuwa sokoni na stendi wakipima kila apitaye, na wiki hii vifaa viliwapungukia wakawa wanapima waliolazwa tu. Mkasi akasema mwanzoni, katika kila watu mia waliopimwa, walikutwa wagonjwa watano, na sasa katika kila mia wanakutwa ishirini. Kwa hiyo idadi imeshuka lakini ugonjwa unapanda, na yeye angekuwa na uwezo angefunga hata hilo benchi. Waziri hakubabaika. Akamuuliza alitegemea wodini kukuta nani, wacheza mpira? Akasema ukipima waliolala hoi lazima upate wagonjwa wengi, kwa hiyo ile ishirini yake inatoka vitandani, haitoki mtaani. Mkasi akarudi kwenye mkate wake. Mpaka leo naona kila mmoja alikuwa na haki yake. Mmoja alikataa kudanganywa na namba ndogo, mwingine akakataa kutishwa na namba kubwa, na mtaani penyewe hakuna kati yetu aliyejua pakoje.

Mimi nilikuwa kambi ya Waziri, tena kwa kelele. Hesabu hazikuwa zimenishawishi. Nilitaka tu ugonjwa uwe umekwisha ili nije nyumbani. Mwanangu ameota meno mawili mapya ambayo nimeyaona kwenye picha, na wewe kila nikikupigia nasikia unavyovuta pumzi katikati ya maneno. Ndiyo maana namba ikishuka niliimeza bila kutafuna, na ikipanda nilisema wamekosea kuhesabu. Mkasi aliwahi kuniambia kwamba mimi sibishani, mimi naomba dua. Nilimkasirikia siku nzima.

Kisha yakarudi mashati. Kazi yangu unaijua: nakaa chini ya taa, nashika shati, navuta kola, napitisha kidole kwenye mshono wa bega, na nikiona kasoro nalitupa kwenye kapu jekundu. Meza ya jirani yangu, mkaguzi wake alikuwa likizo ya uzazi na hakuletwa mwingine wa kushika nafasi. Muda wote huo meza ile ilitoa taarifa safi, kapu jekundu tupu, hata msimamizi akatuambia wengine tuige mfano. Halafu duka likarudisha maboksi kwa maboksi, mikono ya mashati imepinda na vifungo havina matundu. Msimamizi akatuita, akauliza imekuwaje meza isiyo na kasoro itoe takataka kama ile. Nikamjibu mimi, tena kwa ukali, kwamba kasoro zilikuwepo siku zote na aliyekosekana ni mkaguzi. Usipokagua huoni, na usipoona unaandika sifuri. Nikajisikia mwenyewe nikilitamka neno hilo. Mkasi aliinua macho akaniangalia, halafu akarudi kwenye kitambaa chake. Angenicheka ingekuwa nafuu.

Utadhani hapo nilibadilika. Wala. Nilikwishaelewa, na bado nikaendelea kuupita ubao kila asubuhi nikijiambia kwamba sisi ni wazima. Moyo ukishataka kitu, mama, hauna muda na mashati.

Sasa hapa soma taratibu, na inhela yako ya pumu iwe karibu. Ijumaa moja mpiga pasi, ambaye meza yake iko nyuma ya yangu, aliitwa nje akasahau pasi juu ya shati. Likaungua. Moshi haukuwa mwingi, lakini harufu, naambiwa, ilifika hadi getini. Watu waliziba pua, wengine wakakimbilia kuzima umeme. Mimi niliendelea kupitisha kidole kwenye mshono. Waziri akaja kunitikisa bega, akaniuliza kama nimelogwa au nimepandishwa cheo, mbona sitoki na wenzangu. Nikageuka nikaliona shati limekuwa jeusi, nikavuta pumzi ndefu, na sikusikia harufu yoyote. Nikaenda kwenye sinki nikanusa sabuni ya kunawia. Nikavua kiatu nikanusa kiatu. Hakuna kitu. Na kikohozi nilikuwa nacho tangu mwanzo wa wiki, nikikiita vumbi kama kila mtu.

Usilolijua, na hakuna aliyelijua ila msimamizi aliyenipa ruhusa, ni kwamba Ijumaa ile nilikuwa nakuja kwako. Sikuweza kungoja mwisho wa mwezi. Begi lilikuwa chini ya meza na tiketi ya basi la jioni ilikuwa mfukoni. Nilitaka nikushtukize, nibishe hodi asubuhi wakati unamwogesha mwanangu, nikukumbatie kabla hujauliza ni nani. Ningelala kitandani kwako kama siku zote, pua kwa pua, na wewe na hicho kifua chako. Nimelifikiria jambo hilo kila siku tangu hapo.

Nilikwenda zahanati nikiwa na begi langu mgongoni. Majibu yalikuwa kama nilivyoogopa. Nikampigia msimamizi, nikamwambia awaeleze wenzangu kwa jina langu, wasije wakaanza kutafutana ni nani. Jumatatu muuguzi alirudi na meza yake uani, na safari hii watu walipanga foleni kwa amri. Karibu nusu ya sehemu yetu walikutwa nao, Waziri akiwemo, na Mkasi pia, pamoja na tahadhari zake zote. Sehemu ikafungwa. Wapo ambao hawaitikii salamu yangu mpaka leo, na siwalaumu, kwa sababu watoto wao hawashibi kwa mimi kusema kweli. Waziri alinipigia akanisema kwa hotuba ndefu yenye utangulizi na hitimisho, akasema nimewafukarisha. Alipomaliza akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua mahali anapoweza kumpeleka mama yake akapimwe, maana wanakaa chumba kimoja. Nikamwelekeza.

Hao ndio waliotangazwa redioni, mama. Namba ile iliyokurusha roho ilikuwa kiwanda chetu. Hatukuugua siku ile, tulikuwa tumeugua muda mrefu, siku ile tulihesabiwa tu. Na mimi ni mmoja wao. Hilo ndilo lililonishinda kukuambia kwenye simu, kwa kuwa najua ungekuja kuniuguza, na hakuna dawa ambayo ningeweza kuinywa huku nikijua umepanda basi kwa ajili yangu.

Usilie. Nimepona. Homa ilinishika siku chache, halafu ikaniacha na uchovu wa kijinga wa kulala nikiwa nimeshika mswaki. Jirani aliniachia chakula mlangoni kila siku na kugonga kwa ufagio. Jana nilisikia harufu ya kitunguu anachokaanga, nikakaa sakafuni nikalia kwa furaha. Barua hii naipeleka posta mwenyewe, muuguzi amekwisha kuniruhusu kutoka, kwa hiyo ishike bila hofu.

Mwisho wa mwezi siji. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuifuta. Nitakuja nikishapimwa na kuonekana safi, na hata hapo nitakaa uani na wewe utakaa barazani, na mwanangu atatuchungulia kutoka kwenye paa lake. Mpaka siku hiyo usimfungulie mtu mlango kwa kuwa amekuambia kwao hakuna wagonjwa. Muulize kwanza kama kuna aliyepimwa. Akikuona una kiburi, mwambie umefundishwa na binti yako.

Nisalimie mjomba, mwambie namuomba aache kuja kubishana na wewe sebuleni, abishane akiwa dirishani. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia. Mpe mwanangu salamu zangu zote, umwambie meno yake nimeyaona na ni mazuri.

Na ukisikia tena kwamba idadi ya huku imepanda, usishtuke kama siku ile. Asubuhi ubao uliposoma sifuri, mimi nilikuwa na tiketi ya kuja kulala kando yako. Redio ilipotangaza kwamba tumezidi, nilikuwa nimejifungia chumbani peke yangu, na wewe ulikuwa salama.

Ni mimi, kitindamimba wako.