Cheti Ninacho, Masomo Niliyaruka

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumatatu, maana mambo yamenifika shingoni. Mimi ni mtunza stoo ya dawa katika zahanati moja huku karibu na Faza, mwaka wa kumi na tisa sasa, na miaka yote nimeandika kwa kalamu, basi mwaka huu tukaletewa programu mpya na masomo yake humo humo kwenye kompyuta, hakuna mwalimu, kila mtu ajifunze kwa wakati wake, nami somo la kwanza lilinishinda nikaona haya kuuliza, nikawa nabonyeza tu "endelea, endelea" mpaka mwisho, na mtihani nikamwomba karani mwenzangu Patroba anifanyie, akapata tisini na sita, cheti kikatoka kwa jina langu.

Wiki iliyopita akaja Bi Shifaa, mtu mzima, kuchukua dawa zake za presha. Maboksi nayaona rafuni, lakini mzigo ule mpya sikujua kuuingiza kwenye programu, kompyuta ikasema sifuri na kukataa nisitoe, na nikimwita mtu nitaumbuka. Nikamwambia, "Zimekwisha, mama." Akauliza, "Hata za siku mbili, mwanangu?" Nikatikisa kichwa. Na sasa mkuu wetu, Bwana Mugambi, ameona cheti changu, anataka Jumatatu niwafundishe programu hiyo wauguzi kutoka zahanati ya Mkokoni. Nijifanye mgonjwa?

Umulkheir

Bi Razan anajibu:

Bi Umulkheir, nilikupigia simu kabla ya kuandika, kwa sababu barua yako nzima haikusema yule mama aliishia wapi. Ukaniambia alianguka jikoni siku ya tatu, akakimbizwa hospitali kwa boti, na sasa yuko kwake, anatembea. Alhamdulillahi. Lakini usijifiche nyuma ya shukrani hiyo. Kutojua kompyuta si kosa. Kosa ni kumwambia mgonjwa dawa hakuna na huku unaitazama.

Habari ya kujifanya mgonjwa sitaki kuisikia. Leo hii nenda kwa Bwana Mugambi, umwambie kwa kinywa chako: masomo niliyaruka, mtihani nilifanyiwa, na mgonjwa nilimnyima dawa. Ukipewa barua ya onyo, ipokee. Kisha nenda kwa Bi Shifaa ukamwambie ukweli. Akikufukuza, ondoka kimya.

Halafu fungua somo la kwanza. Masomo yale hayachoki wala hayamcheki mtu, hata ukirudia mara ishirini. Mtihani ujibu mwenyewe, ukipata arubaini ni arubaini yako. Ukikwama, Patroba akuelekeze, mkono uwe wako. Na hao wauguzi atawafundisha mwingine. Wewe Jumatatu keti nao, mstari wa mbele, na uulize.