Pale Kamba Isipocheza

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Huko uliko hali ikoje? Wifi na watoto hawajambo? Lile goti lako limepoa au bado unalidekeza? Sisi wazima. Mama anakula, analala, anamgombeza paka. Mimi nipo tu. Naamka, nafundisha, narudi.

Yale maneno yako kwenye simu wiki iliyopita yamenifika. Ulisema tangu Baba azikwe hujaliona chozi langu, kwamba nina moyo wa jiwe.  Sikukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

Basi nikupe habari za shule. Jumatano nilikuwa na somo la mawimbi yanayosimama. Vifaa hatuna, kwa hiyo asubuhi nilikwenda uani nikafungua kamba ya Baba ya kuanikia, ile ndefu iliyo karibu na makarai. Vibanio vitatu vilikuwa bado juu yake.

Unakumbuka alivyokuwa akiipima kila akiifunga upya? Wewe ncha ile, mimi ncha hii, tunatikisa mpaka ifanye matumbo mawili na katikati pabaki pametulia. Hapo ndipo alipoanika suti za wateja wake wakubwa, eti kamba haitazirusha. Dobi mzima, miaka thelathini. Upepo hauna habari na mambo hayo hata kidogo. Nimeyasomea, na sikuwahi kumsahihisha. Mpaka leo Mama anaanika hapo hapo.

Darasani nilifunga ncha moja dirishani, nikatikisa nyingine. Nikawaandikia ubaoni: wimbi linalosimama hutokea pale mawimbi mawili yanayolingana yanapopishana kwenye kamba moja, moja likienda, jingine likirudi. Kamba inapocheza sana ni tumbo. Isipocheza kabisa ni fundo.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma, mbishi kama wewe, akaja akalishika fundo kwa vidole viwili. Kamba ikaendelea kucheza pande zote mbili. Akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo hapa hakuna wimbi?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa. "Yapo yote mawili. Yanavutana sawasawa, ndiyo maana pametulia."

Kaka, baada ya hapo nilisimama na ile kamba mkononi mpaka kipindi kikaisha, na watoto wa watu wakatoka.

Siku ya mazishi kilio kilinifika kooni. Wewe ulikuwa mbele umebeba jeneza, hukuona. Mama alikuwa ameniegemea mwili mzima. Ningelegea mimi, naye angekuwa chini. Kilio kikaja, nami nikajikaza, na vyote viwili vimekaa hivyo mpaka leo. Sijisikii vibaya, sijisikii vizuri. Sijui kama nitalia. Ila usiseme tena kwamba hamna kitu.

Shangazi anakusalimu sana. Yule mzee wa pasi, mwenzake Baba, anauliza utakuja lini. Mwambie mwanao Kibonge apunguze utundu, na Wifi mpe mkono wangu. Mungu awafunike nyote hapo nyumbani kwenu.

Kamba nimeirudisha uani, lakini imelegea. Nimejaribu kuipima peke yangu, haiwezekani.

Mdogo wako akupendaye,
wa ncha hii