Kocha Absalom Walubengo, Aliyebisha Hodi Nyumbani Kwake

Ni mwaka mzima sasa, Baba, tangu ulipotutoka tarehe 14 Juni 1997, na viatu vyako vya uwanjani bado viko mlangoni. Mama amekataa viondolewe.

Mchana ulikuwa fundi wa mabomba ya maji mjini Kisumu. Jioni ulikuwa kocha wa timu ya netiboli ya wanawake wa Kaloleni. Chai yako ilipoa mara ngapi kwa sababu ya timu hiyo, Mama peke yake ndiye ajuaye.

Ulisema mchezaji huja uwanjani na mambo ya nyumbani kwake kichwani. Kwa hiyo kila wiki ya mechi ulibisha hodi kwa kila mmoja. Perez alitaka kukaripiwa. Bila hivyo alicheza kama mgonjwa. Rosa ukimkaripia angelia, basi ulimchekesha. Benta ulimwuliza kwanza habari za mama mkwe wake, ndipo mkaongea mpira.

Mimi Elsie, binti yako na mfungaji wako, sikubishiwa hodi. Majirani zetu Wajaluo walikuwa wamekufundisha pakruok, ule mtindo wao wa kumsifu mtu kwa majina makubwa makubwa, ukaupenda kuliko wenyewe. Fainali ya 1988, kila nikishika mpira ulipaza sauti: "Elsie, binti Walubengo, dada ya radi, mjukuu wa aliyelala na chui." Watu walifurahi sana. Lakini mimi, kwa sifa hizo, nikakosa mara tano, tukashindwa. Nikasema sichezi tena, na kwa wiki tatu tulikula meza moja bila kusemezana. Iliniuma kwamba ulijua mioyo ya watu wote isipokuwa wangu.

Ndipo Mama alipokuambia, "Baba Elsie, kila mchezaji unaendanga kwao. Huyu analala hapa na hujawahi mtembelea."

Ulitoka nje, ukafunga mlango, ukabisha. "Hodi hapa." Mama akakukaribisha kama mgeni, akakumiminia chai. Ukaniuliza, "Mama, nikikuita vile unasikiaje?"

"Nasikia uoga. Nikikosa, ni kama ukoo mzima umekosa."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Unyamaze tu. Lakini ukae mahali nakuona."

Kwako wewe, kunyamaza kulikuwa kazi kuliko kuchimba mtaro. Lakini fainali ya mwaka uliofuata, tukiwa sare na dakika moja imebaki, ulikaa nyuma ya mlingoti umejiziba mdomo kwa kofia. Nilikutazama, nikatupa mpira, ukaingia. Watu walivamia uwanja, wewe hukuinuka. Wabwire, katibu wa timu, akakuuliza una nini. Ukamjibu, "Bado hajaniambia niongee."

Nikaja nikakuambia, "Baba, sasa ongea." Ulinisifu kutoka uwanjani mpaka nyumbani, majina mengine ukiyabuni njiani, na sikuona haya hata kidogo.

Nyumba imekuwa kimya mwaka huu wote, Baba, na kimya hiki hakuna aliyekiomba.

Unakumbukwa na mke wako Metrine, watoto wako Elsie, Shitanda na Jentrix, dada yako Nabututu, wajukuu wako, na wachezaji wako wote wa Kaloleni. Hutatutoka moyoni kamwe.