Hodi ya Mujomba

Schaerbeek, tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 1997

Kwa yaya Mauwa, dada yangu mukubwa mupendwa,

Nakusalimia kwa heshima yote, na nyuma yako nasalimia shemeji, watoto na majirani wote wa Kadutu. Afya yenu iko namna gani? Ile malaria ya shemeji iliisha? Tulisikia masasi yamenyamaza huko Bukavu, tukamushukuru Mungu. Mimi mwili uko salama, ni moyo ndio haulale. Barua hii nimeipatia maman Sidonie wa parokia yetu aifikishe mukononi mwako mwenyewe.

Uliniuliza mara mbili namna gani mutoto wako Bibiane alivunjika mukono, na kwa nini Dan, bwana yake, haone tena na jicho la kuume. Bibiane alikuandikia kwamba walianguka kwenye ngazi. Yaya, hawakuanguka. Kaa chini usome mpaka mwisho, ndipo unilaani.

Unajua nilimaliza masomo ya kupangisha na kuuzisha nyumba. Bon, hapa kwa wazungu sheria mpya haikubali uanze kazi hiyo peke yako. Lazima kwanza uchague maître de stage, muntu mwenye agence yake ya nyumba, aweke sahihi kwamba anakuchukua chini yake na atakufundisha. Ukikosa sahihi hiyo, diplôme yako ni karatasi ya kufungia karanga.

Wawili walikubali kunipokea. Wa kwanza alikuwa Madame Lucienne, muzungu wa Etterbeek, mwembamba, hacheke hata kidogo. Sikuwa nimekaa vizuri kwenye kiti akaniuliza: mwenye nyumba akikuambia umutoe mupangaji kwa nguvu, utafanya nini? Nikakasirika. Nikajiambia, huyu ameona ngozi yangu akafikiri mimi ni muntu wa fujo. Nikamujibu vibaya, nikatoka.

Wa pili alikuwa Kazadi, hapa Schaerbeek, muzee ambaye watu wa kwetu wote tunamuita tonton kwa heshima. Yeye diplôme hakuigusa. Aliniuliza mimi ni mutoto wa nani na papa alisali parokia gani, halafu akasema yeye na papa walifanya kazi pamoja posta ya Bukavu. Bibi yake akanipikia fufu na sombe, naye akaweka sahihi siku ile ile. Nilimuchagua namna tunavyochagua parrain wa ubatizo, kwa kuwa ni mukubwa na ni wa kwetu. Juu ya kazi yake sikuuliza hata neno moja. Ujinga wangu ulianzia hapo, usiutafute pengine.

Mwanzo ulikuwa muzuri. Nilipangisha nyumba moja ya orofa tatu karibu na njia ya tramu, na ile ya juu nikawapatia Bibiane na Dan. Ulifurahi, ukatutumia baraka. Alors, mwaka huu mwenye nyumba akataka kuiuzisha ikiwa tupu. Wapangaji walikuwa na mikataba yao, na juge, hakimu wa hapa, alikuwa hajawaondoa. Tonton akasema juge anachelewa, yeye hachelewe.

Tulienda asubuhi, saa ambayo watu wanakunywa chai. Alikuja na wanaume wawili wenye vyuma. Orofa ya chini, mulango ulianguka kwa teke la tatu. Muzee mumoja Muturuki alikuwa amesimama na kijiko mukononi. Walimupiga chuma ya magoti, na alipoanguka wakamukanyaga mbavu mpaka nikazisikia zinavunjika. Bibi yake walimuvuta na nywele mpaka inje. Mimi nilisimama kwenye ngazi na sakoshi yenye karatasi za kazi. Nilimuambia tonton inatosha. Akanipiga kofi, damu ikajaa kinywani, akaniuliza kama ndivyo papa alinifundisha kuongea na wakubwa, na kama nimesahau ni sahihi ya nani inayonifanya kuwa muntu hapa. Yaya, nikamuomba pardon. Mimi, mwanaume wa miaka makumi tatu na mbili.

Wale wa orofa ya pili walikimbia wenyewe, watoto hawana viatu. Juu, Bibiane na Dan walikuwa wamesikia yote, na walisukuma kabati nyuma ya mulango. Wale wanaume walipiga mateke mpaka jasho likawatoka. Mulango haukutikisika. Kama ningekuwa na akili ningemushukuru Mungu kwa ile kabati, nikashuka nikatafute polisi.

Sasa neno lenyewe ndiyo hili. Unajua Bibiane anabeba jina la mama yetu, na tangu azaliwe namuita mama, naye ananiita mwanangu. Tonton aliusikia muchezo wetu siku ile walipohamia. Akaniwekea mukono begani, kwa upole kabisa, akaniambia nibishe.

Nikabisha. Nikasema, hodi, mama. Sauti yake ikajibu, karibu, mwanangu, na nikasikia kabati inavutwa. Yaya, alifikiri nimekuja kumuokoa. Alifungua huku anacheka na machozi, akanyoosha mukono anivute ndani. Chuma ilipita juu ya bega langu ikaupata mukono huo. Dan aliruka na kisu cha mezani, wakamuangusha, mumoja akamuvunjia chupa kwenye uso. Ndipo nilimurukia tonton, nikamukaba shingo na kumupiga kichwa kwenye ukuta mpaka wakanitoa juu yake. Usinisifu. Mulango ulikuwa umekwisha kufunguka.

Kwenu, vita ilipofika, maaskari walivunja mulango wako na buti. Hapa, mulango wa mutoto wako watu wa tonton hawakuuvunja. Uliwashinda, nikawafungulia mimi.

Polisi walipomuuliza Bibiane kwa nini alifungua, alisema hakumbuke. Alinifunika, na mimi nikakubali kufunikwa miezi miwili. Kesho asubuhi naenda kusema yote, jina la tonton na jina langu. Kazi hii nimeipoteza, pengine na papiers zangu za kukaa hapa, na sitalalamika. Jana nilienda kwao Evere, wanapokaa sasa, nimuambie Bibiane kwanza, kabla ya wengine. Nilibisha. Nikasema, hodi, mama. Nikasikia miguu yake inakuja, ikasimama karibu kabisa. Hakujibu. Halafu nikasikia kabati inasukumwa. Nikaongea yote nikiwa inje, na sijui kama alisikia.

Nisalimie shemeji, na wadogo wote kwa majina yao. Ukipita kwenye kaburi la mama, usimuambie bado. Kama jibu lako litakuwa kimya, nitalipokea vilevile.

Mimi mudogo wako, kama bado unanihesabu,

Onésime