Nyoka Ndani ya Kicheza Muziki cha Baba

Nyumba ya kona, nyuma ya karakana,
Jumanne, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za huko, za kazi, za shemeji na mapacha? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku ni wazima wa mwili. Magoti yanamsumbua baba, lakini anatembea.

Dada, unaukumbuka ubishi wetu? Ulisema kicheza muziki ni cha muziki tu, michezo niiachie simu. Nami unanijua kwa ubishi. Nikakichukua kile kidogo cha baba, chenye vitufe vitano, nikakifungua hapa karakanani. Wiki nzima wateja wanaulizia redio zao, mimi nahangaika na mchezo wa nyoka anayekula vidoti. Mwishowe mchezo ukakubali. Kioo chenyewe kidogo, vidole vinagongana, lakini nyoka anageuka na anakula. Nilitamba mtaa mzima.

Ila nafasi ilikuwa haitoshi. Nyimbo za baba sikuzigusa. Nilifuta kitu kimoja kilichoandikwa "Sauti 1", nikidhani ni majaribio yangu ya kipaza sauti.

Kumbe alikuwa mama. Zile dakika mbili ulizomrekodi akimwita baba aje kula: "Mzee, chakula kinapoa, hilo gazeti halikimbii." Unajua tangu tumzike mama, baba hagusi sahani mpaka amsikilize kwanza.

Nimejaribu kuirudisha kwa kila njia niijuayo, imegoma. Najiita fundi, kazi gani hii. Kama huku ndiko kufaulu, basi nimefaulu, na mchezo wenyewe siutaki hata kuuona. Baba nilimdanganya kwamba betri imekufa. Siku ya tisa hii, anakula vijiko viwili anasukuma sahani.

Jana alikaa mezani akaniambia, "Basi niite wewe, kama alivyokuwa akiniita." Nikakimbilia jikoni kulia. Nadhani anajua.

Tafuta kwenye simu yako ya zamani, pengine nakala ipo. Isipokuwepo, nakuomba dada, piga simu saa saba mchana, saa yake ya kula. Mwite wewe. Sote tunajua sauti yako ni ya mama tupu. Mimi nitamshikia simu sikioni.

Msalimie sana shemeji, na mapacha waambie mjomba wao ameacha ubishi. Mungu akutunze huko uliko, na atusamehe.

Mdogo wako akupendaye, anayengoja simu yako,
Waya