Shanga za Shimo la Tatu

Jumatatu, 7 Julai
Shimo la Tatu, siku ya sita. Vigae, vigae, vigae. Nimechekecha udongo mpaka pua imeziba. Mchana wali na samaki wa migebuka kwa mawese, tena. Nikirudi Dar, atakayenitajia migebuka nitamzaba kibao.

Dokta, mwalimu wetu wa chuo, anatafuta mabaki ya misafara ya zamani ya Ujiji. Sisi tunampa vipande vya vyungu. Mzee Rashidi, mwenyeji anayetuchimbia, kanionyesha kona moja, udongo mweusi na laini. "Mwanangu, hapa pamefukuliwa juzijuzi tu." Panya hao, Mzee, nikamjibu. Sikuuchora ule weusi kwenye ramani ya shimo. Jua kali, nimechoka.

Jumanne, 8 Julai
Mifupa! Kwenye kona yangu! Midogo, ya mtoto wa mwaka hivi, kalazwa ubavu. Kiunoni shanga nyekundu na nyeupe. Katikati yake kiuzi kigumu, nikadhani mzizi, nikakivuta na kukitupa kwenye kifusi.

Dokta kapiga magoti. Anasema ni mtoto wa msafara, alikufa zamani hizo njiani. Kanisifu mbele ya wenzangu wote. Mzee Rashidi kaomba dua, kisha kaenda zake bila kuaga. Wazee wa hapa wana visirani.

Jumatano, 9 Julai
Mifupa imeingia kwenye sanduku. Na. 41. Jumapili inapanda treni kwenda Dar. Dokta keshapiga simu chuoni kutoka posta. Baada ya chai nimechora mpangilio wa shanga, kisha ushanga mmoja peke yake, mwekundu, kwa ukubwa. Mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Najisikia msomi.

Alhamisi, 10 Julai
Mungu wangu. Mungu wangu.

Mama Kezia ndiye mwoshaji wetu. Mrundi, mkimbizi. Huosha vigae uani, kwenye nyumba tuliyopanga mtaa wa Mwanga. Shimoni hajawahi kufika. Asubuhi nimempa shanga kwenye bakuli. Kaziosha. Kakaa chini. Katandika kanga, akaanza kuzipanga: nyeupe mbili, nyekundu moja, nyeupe mbili, nyekundu moja. Sawasawa na mchoro wangu. Na mchoro hajauona.

"Nyekundu moja imepungua, dada," akasema. Nikamwambia itakuwa imepotea mchangani. Kisha nikamuuliza amejuaje.

Kazitunga yeye. Kwa uzi wa nyavu. Miaka mitatu iliyopita walivuka ziwa wakikimbia vita, mtoto akafia botini kwa homa. Watu wasiomjua wakamchimbia kaburi mbio mbio, kisha wote wakapandishwa lori kwenda kambini. Tangu hapo anapatafuta mahali pale, hapaoni.

Nimekimbia mpaka kwenye kifusi, nikafukua kwa mikono. Kiuzi nimekipata. Nailoni. Nailoni, mjinga mimi!

Siku zote hizi tunamwita Mama Kezia. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza Kezia yuko wapi.

Ijumaa, 11 Julai
Sijala. Dokta hajui. Nikisema, nitafeli mafunzo haya, tena kwa aibu. Nikinyamaza, Kezia anapanda treni keshokutwa, awekwe rafuni na namba yake. Mama yake hawezi kulalamika popote, hana kibali cha kuwa nje ya kambi. Nilipomweleza tulichokuta, kaniomba jambo moja tu, polisi wasiitwe. Hata sanduku hakuthubutu kuliomba.

Mpaka saa sita mchana nilikuwa mwoga. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kisha nikauchora ule udongo mweusi kwa kalamu nyekundu, nikachukua kiuzi, nikamfuata Dokta. Kautazama mchoro, kisha kiuzi. "Udongo huu uliuona lini?" Jumatatu, nikasema, na Mzee Rashidi aliniambia. Nilidhani atanifukuza. Kasema kosa litaandikwa kwenye ripoti kwa jina langu, na la kwake litaandikwa chini yake, maana naye hakuuliza. Halafu kafungua sanduku mwenyewe.

Jumamosi, 12 Julai
Tumemrudisha. Mahali palepale. Mzee Rashidi kaleta shuka jeupe. Mama Kezia kamvisha shanga kiunoni, kwa uzi mpya. Kasali Kirundi. Nilichoshika ni "umwana wanje" tu, mwanangu. Nililia kama mwehu. Yeye hakulia. Shimo la Tatu limefukiwa.

Jumatatu, 14 Julai
Tumehamia shimo jingine, mbali. Mzee Rashidi akisema kitu, nachora.

Jioni nimefungua kikebe cha penseli nichonge penseli. Ushanga mwekundu. Ule niliouchora. Nikatamani ardhi inimeze.

Nimempelekea uani, mikono miwili, nikaanza kuomba radhi. Nikasema tutafukua tena, tumrudishie mtoto. Akautazama kiganjani. Hakuwa na nguo ya Kezia, hakuwa na picha, hakuwa na kitu.

"Usifukue," akasema. "Kumbe umenibakizia mmoja."

Akaufunga kwenye pindo la kanga, akarudi kwenye beseni. Nikachukua brashi, nikakaa karibu yake. Tumeosha vigae mpaka giza likaingia.